Uji wa Rula

Sindano ya cherehani ilizama kwenye kidole cha fundi, ikapanda, ikazama tena, naye akaendelea kukanyaga. Aliyepiga yowe ni mkewe.

"Kidole! Unajishona kidole!"

Fundi akatazama chini. Damu ilikuwa imeshalowesha kola ya shati la mteja. Akauchomoa mkono taratibu. "Sasa kelele za nini?"

Wateja walimwita Rula, kwa jinsi mishono yake ilivyonyooka. Siku hizi ilikwenda upogo. Nyayo zilikuwa na ganzi, kanyagio halisikii mpaka alitazame. Na hasira! Mtu aliyekuwa mpole kupita kiasi, sasa chumvi ikizidi kidogo nyumba haikaliki.

"Amepungukiwa vitamini B12," alisema daktari wa zahanati baada ya kumpima damu. "Hiyo ndiyo inayolinda mishipa ya fahamu. Ikipungua sana, miguu na vidole hufa ganzi, na kichwa nacho hakisalimiki: mtu anasahau, anafoka, anashuku kila kitu. Bado tunaweza kuiwahi. Tukichelewa, miguu hiyo hairudi."

Akataka kumchoma sindano. Rula, mtu anayeshinda na sindano kutwa, akagoma. Akapewa vidonge, akavitupia kabatini. "Nani mgonjwa? Mimi nimechoka tu."

Mkewe alilia, akabembeleza, akanuna. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini hakuwa tayari kumwona mumewe akitambaa. Akaanza kuviponda vile vidonge jikoni kila asubuhi kwa mgongo wa kijiko, anakoroga kwenye uji wa mumewe, anautenga mezani pamoja na wake.

Na loo, Rula alibadilika! Makelele yakakoma. "Mke wangu, niletee sukari," anasema kwa sauti yake ya zamani, na mke akirudi anamkuta ameshaanza kunywa. Kisha Rula anakaa kumtazama mkewe mpaka amalize na yeye.

"Usibakize, mama. Kunywa wote. Vipi leo, unajisikiaje?"

"Mzima, mume wangu."

"Hakuna kinachokuuma?"

Tangu waoane hajawahi kuulizwa hivyo. Alikwenda jikoni akalia kwa furaha, akasema kimoyomoyo: dawa imeingia.

Hata wifi yake, alipopitia gauni lake, alimshika mashavu. "Wifi, unang'aa! Zile nyufa za midomo zimekwenda wapi? Hebu sema, kaka yangu anakulisha nini?"

"Mapenzi!" akajibu, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Rula hakucheka. Alikuwa anamtazama mkewe kama fundi aliyekosea vipimo.

Miguu tu ndiyo iliyokataa. Ganzi ilipanda hadi magotini, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Siku alipoanguka mlangoni na kushindwa kuinuka, mkewe aliogopa kweli. Akaita majirani, wakambeba hadi zahanati.

Daktari aliyasoma majibu ya damu, akayasoma tena. "Vitamini imezidi kushuka. Huyu vidonge hajameza hata kimoja."

"Amemeza!" Neno lilimtoka mke kabla hajajizuia. "Nilikuwa naviponda, natia kwenye uji wake. Kila siku, daktari! Nisamehe, mume wangu. Ulikuwa hutaki kusikia, ningefanyaje?"

Rula aligeuka polepole.

"Ule unga... ulikuwa vitamini?"

"Kumbe uliniona?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni."

"Sasa mbona hukusema? Ulikuwa unaumwaga?"

Fundi akatikisa kichwa. Hakuweza kumtazama.

"Nilijua ni sumu," alisema. "Kila ulipokwenda kuleta sukari, nilikuwa nakubadilishia bakuli."