Suti ya Mkuu wa Wilaya

Fundi Mwatumu alipewa kazi mbili za sikukuu ya uhuru: bendera mpya na suti ya mkuu wa wilaya. Mkuu huyo ndiye aliyemfunga mumewe kwa kuuliza dawa za zahanati zimekwenda wapi. Mume alitoka gerezani akiwa maiti.

Bendera aliishona mara mbili, hata kimbunga kisiichane. Suti aliipiga bandi tu, kwa nyuzi dhaifu za kushikizia, kisha akaipiga pasi ikanyooka.

“Isimbane mheshimiwa,” alisema askari aliyekuja kuichukua.

“Haitambana. Mwambie akae kwa raha zake.”

Asubuhi ya sherehe alivuka daraja na cherehani yake kichwani. Ng'ambo, katika nchi ya jirani, umeme haukatiki na mgonjwa hupewa dawa. Wifi yake alimpokea.

“Twende, wifi, chai inapoa.”

“Ngoja kwanza.”

Kule alikotoka, uwanjani kando ya mto, wimbo wa taifa ulianza. Bendera ilipanda, ikakunjuka, ikashika upepo. Machozi yakamlenga Mwatumu.

Kisha akaangalia jukwaani. Wote walikuwa wamesimama isipokuwa mtu mnene mwenye suti ya kijivu aliyoishona yeye; alishika mikono ya kiti, akaanza kuinuka.