Mlio wa Mzee Sengondo

Makala ya reli ya zamani ilikuwa karibu kukamilika katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ila mlio wa honi haukupatikana popote. Kwa hiyo Mwanakheri na Lugano, walioiandika kwa kujitolea, walimwendea Mzee Sengondo, dereva mstaafu wa treni, nyumbani kwake kando ya tuta la reli hiyo.

“Kila dereva alikuwa na mlio wake,” alisema. Akakusanya viganja mdomoni, akapuliza: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Simu ya Mwanakheri ilirekodi.

Jikoni sufuria ilianguka. Mke wa mzee akatokea mlangoni, akijifunga khanga upya.

“Nilikuwa nikimpigia honi huyu,” mzee alinong'ona, “ajue nimerudi salama.”

“Leo umechelewa, Baba Stumai,” bibi alisema taratibu.

Bibi akabaki akitazama tuta lililong'olewa reli. Mwanakheri hakuzima simu.