Boneti Bila Hodi

Siku hizi injini zina uhai, na mtu hafungui boneti mpaka apige hodi na gari liitikie "karibu".

"Gari langu mwenyewe, hodi ya nini?" alisema Mwinjuma. Akafungua kimyakimya, akang'oa kidhibiti mwendo, akaipanulia injini njia ya hewa. Asubuhi hiyo gari likachomoka kama mshale.

Alipoamka usingizi wa mchana, mkewe Tunu alikuwa amemkodolea macho.

"Baba Shani, nani kakufungua vifungo? Mbona kifua kimejaa grisi?"

Mwinjuma alijishika kifuani. Moyo ulinguruma chinichini, kwa kasi ambayo hakuzaliwa nayo.

Kutoka uani gari likasema kwa upole, "Samahani, bwana. Nilidhani hatupigiani hodi tena."