Tochi Mdomoni

Baba Pacha alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu juu ya kiti, tochi ameibana kwa meno. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama hadi kiwikoni kwenye tundu ambalo hata panya angelifikiria mara mbili. Tangu asubuhi alikuwa akipitisha waya mpya humo, na fyuzi ya kuulinda alikuwa bado hajaiweka.

"Vua kwanza hiyo pete," mkewe alikuwa amemwambia.

"Sisi ni chanda na pete, mama. Hatuachani," alimjibu kwa maringo.

Sasa mkewe alikuwa kwenye kiti cha dereva, vidole kwenye ufunguo, akingoja aambiwe tu awashe.

Baba Pacha akavuta mkono. Haukuja. Akakunja shingo na kumulika. Pete ilikuwa imenasa kwenye chuma cha gari, na ncha ya waya, isiyo na ganda, imeilalia juu. Ufunguo ukizungushwa tu, moto wote wa betri utapitia kwenye kidole chake.

"Vipi huko? Niwashe?"

"Wacha!" alipiga kelele. Lakini kwa tochi ile mdomoni neno lilitoka limepinda: "Washa!"

Alilisikia mwenyewe. Akaitema tochi ili alirudie.

Kwa miaka thelathini ya ndoa, mwanamke yule hakuwahi kufanya jambo aliloambiwa bila kubisha kwanza.

"Haya, mume wangu," akasema.