Fomu Chini ya Mlango

Kitasa cha choo cha karakana kilikwama asubuhi, bosi akiwa ndani. Nje walisimama mafundi seremala sita, kila mmoja na bisibisi yake mkononi, na hakuna aliyegusa kitu.

"Fungueni basi," akasema bosi kwa mara ya tatu.

"Hatuna fomu, mzee," akajibu fundi mkongwe kwa upole. "Ulisema mwenyewe, bila fomu yenye sahihi yako mtu asiguse hata msumari."

Ni kweli alisema. Juzi tu alimfokea mtu mpaka mate yakamruka, kisa kakaza mguu wa meza bila idhini.

"Sasa mnataka nifanyeje?"

Karatasi ikapenya chini ya mlango, ikifuatiwa na kalamu.

Bosi akafunika choo, akaketi, akaiweka fomu gotini. Aliitunga yeye, lakini hakuwahi kuijaza. Maswali kumi na manne. Kazi inayoombwa: kufungua mlango. Muda uliopotea: akatazama saa, dakika arobaini. Akawaza wale sita husubiri kiasi gani kila siku nje ya ofisi yake.

Swali la mwisho liliuliza chanzo cha tatizo. Akaandika neno moja, "Mimi," akatia sahihi, akaisukuma nje.

Akawasikia wakipokezana kuisoma. Mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Tumeiona, mzee," akasema fundi mkongwe. "Ila zinatakiwa nakala tatu."