Unga wa Kasugho

Askari alifungua lile furushi dogo la jani la mgomba, akanusa, akapiga chafya.

“Papa, hii ni nini?”

Mzee Apollinaire alitazama viatu vyake. Lori lilikuwa limesimamishwa kwenye bariyeri ya askari, katika njia ya kutoka Kasugho kwenda Butembo, na abiria wote walikuwa wameshushwa. Unga ule wa kahawia ulitoka kwenye mkoba wake, chini ya rozari na kitabu cha nyimbo.

“Ni dawa ya Mai-Mai,” askari wa pili alisema. “Banajipakaka, risasi inageuka maji. Muzee anabapelekea.”

Mwaka ule wa vita na wanamgambo hao wa msituni, neno hilo lilitosha kumpeleka mtu nyuma ya kibanda cha askari, asirudi.

Apollinaire alikuwa na jibu. Unga ule ulikuwa wa kumrudishia mwanaume mzee nguvu zake. Aliununua asubuhi huko Kasugho kwa siri, mkewe Berthe alipokwenda sokoni kutafuta maharage na kurudi mikono mitupu. Mwenye kuuza alimpa akicheka: “Banya Butembo, leo muko na nini, bote munataka hii?” Miezi mingi sasa yeye na Berthe walikuwa wakisali pamoja, wakizima taa, wakipeana migongo.

Lakini angesemaje hayo mbele ya Mbusa, mume wa binti yake, aliyesimama hapo pembeni? Kwao, baba hataji mambo ya kitandani mkwewe akisikia. Tena yeye ni kiongozi wa shirika parokiani. Alifumba macho, akaanza Salamu Maria.

“Donc, basi unakubali,” askari alisema, akamkamata mkono. “Twende.”

“Mumuache!”

Berthe alijipenyeza katikati ya watu, ameshika fundo la kitenge chake.

“Hiyo ni dawa ya kuamusha bwana yangu. Nilitaka kumutilia mu uji, bila yeye kujua. Kijiko moja tu, ile ya chai. Ukitia mbili, utamukuta juu ya nyumba!”

Askari walicheka mpaka mmoja akaegemeza bunduki kwenye gurudumu, ajifute machozi. Mbusa alitazama mawingu kana kwamba mvua ilikuwa inamhusu yeye peke yake.

“Mama, kamata dawa yako,” askari alisema. “Mupeleke mbio nyumbani, asizeeke tena mu njia!”

Njia nzima hadi Butembo, Apollinaire hakuinua kichwa. Walipofika, alifunga mlango, akakaa kitini.

“Mama Kasonia,” alimwambia mkewe polepole, “ni mimi niliyeinunua. Umebeba aibu yangu mbele ya batu bote, mpaka mukwe. Mungu akusamehe ule uongo.”

“Uongo gani?”

Berthe alifungua fundo la kitenge. Ndani mlikuwa na furushi la jani la mgomba, kubwa kuliko lake.

“Yako uweke,” alisema, akichochea moto chini ya sufuria ya uji. “Leo tunaanza na yangu.”