Nusu Kichwa

Zamda alikuja kujitolea siku moja tu katika nyumba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Mama yake alikuwa amefia humo. Akapewa kazi ya kumsuka Bi Mwaka, mwanamke mkondefu mwenye kicheko kikubwa.

"Nikusuke mistari minne, bibi? Tutamaliza upesi."

"Minne! Unasuka au unalima matuta? Nataka midogo midogo, kama bibi harusi."

Zamda akacheka, jambo ambalo hakulitegemea humo ndani. Akasuka taratibu. Jioni ilipokaribia, nywele za kulia zilikuwa zimelala vizuri. Za kushoto zilisimama timtim.

"Vumilia kidogo, namalizia."

"Thubutu!" Bi Mwaka akaufunika upande wa kushoto kwa kiganja. "Huu wa kesho."

"Kesho sikupanga kuja, bibi."

"Basi wataniona hivi hivi, na nitawaambia msusi ni nani."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaangua kicheko. Zamda akanyoosha mkono achukue kitana chake. Bi Mwaka akakiwahi, akakichomeka katika nywele za kushoto, akajilaza na kufumba macho.

Zamda alipofika mlangoni aligeuka. Kitana kilikuwa kimesimama wima juu ya mto, kikitikisika kwa kicheko.